Firigisi ya Baba Mkwe

Mimi ni mwoga, na sioni sababu ya kulificha hilo. Naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani, naogopa simu inayoita alfajiri kabla sijajua nani anapiga. Mume wangu hunitania kwamba nilizaliwa nikiwa nimeshashtuka. Lakini huo wote ni woga niliouzoea. Woga wenyewe niliujua mchana mmoja wa mvua, kwenye baa moja hapa Songea, nilipokuwa nachagua chakula cha baba mkwe wangu.

Mtu asiyetoka kwetu ataniuliza, kuna ugumu gani kumwagizia mzee chakula? Ugumu upo. Katika ukoo nilikoolewa, mkamwana na baba mkwe hawali mbele ya macho ya mwenzake. Hakuna ugomvi hapo, ni haya tu, na haya hizo ni heshima. Yeye hatafuni mimi nikimwona, mimi sitafuni yeye akiniona. Hata maneno hatuambiani moja kwa moja ikiwa kuna njia nyingine. Akiwapo mtu wa tatu, tunapitishia kwake. Asipokuwapo mtu, mzee hupata wa kumpitishia tu. Nimewahi kumsikia akimweleza paka wangu kwamba paa la jiko linavuja upande wa mashariki.

Haya hizo zina siku yake ya kuondolewa. Huchinjwa kuku, shangazi wa mume huja kusimamia, halafu baba mkwe huikata firigisi vipande viwili, kimoja chake na kimoja cha mkamwana, wakala wakitazamana. Kuanzia hapo mnakula meza moja mpaka mchoke. Sisi siku yetu ilikuwa haijafika. Ilipangwa, akafariki mama mkwe. Ikapangwa tena, yakaingia mavuno. Baadaye shangazi akaugua miguu, na miaka ikawa inapita mzee akija kwangu, namwekea chakula sebuleni, nafunga mlango, nakwenda kukaa uani na paka.

Mimi nimezaliwa na kukulia hapa mjini. Kabla sijaolewa nilikuwa nayacheka mambo hayo na marafiki zangu. Nilijiona mtu wa kisasa kabisa. Nilipoingia kwenye ukoo wao ndipo nikagundua kwamba shingo yangu inageuka yenyewe kila mzee anapoinua kijiko.

Mwaka uliotangulia siku hiyo, mzee aligunduliwa kuwa na kisukari. Akaanza kujichoma sindano kila asubuhi. Yote niliyoyajua kuhusu ugonjwa huo niliyapata kwa mume wangu, maana siku ya kuelezwa na daktari mimi nilibaki koridoni, nisingeweza kukaa chumba kimoja na mzee akifunguliwa shati. Na mume wangu, Mungu amweke, hadithi yoyote humwishia katikati. "Ikipanda ni hatari," aliniambia, "ikishuka ni hatari zaidi." Halafu akaulizia chai. Mimi nilichokishika ni kwamba sukari ni adui. Mzee akija kwangu nilikuwa naificha nyuma ya debe la unga, asije hata kuiona.

Siku hiyo alikuwa ametoka kwake Maposeni kuja kununua mbegu za mahindi, mvua za kwanza zikiwa zimeshaanza. Alipaswa kupokewa na mwanawe, wazunguke madukani pamoja, kisha wapate chakula mahali. Lakini mume wangu ni dereva wa lori, na lori lilikuwa limemharibikia huko njia ya Njombe. Akanipigia: "Nenda wewe kampokee baba." Simu ikakata. Nikaenda na mwavuli wangu na woga wangu.

Tulimaliza kununua mbegu salama. Mimi nilikuwa natembea nyuma, yeye mbele, duka hadi duka, na wenye maduka ndio waliotupitishia maneno. Tulipotoka tu, mvua ikatumwagikia. Si ya kusubiri chini ya kibaraza. Ng'ambo ya barabara palikuwa na baa yenye bati pana na meza za plastiki, na mzee akaingia humo bila kunishauri, mfuko wa mbegu begani. Nikamfuata.

Binti mhudumu akaja akijifuta mikono.

"Karibuni. Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti. Mwambie mama huyo akae, asisimame kwa ajili yangu."

Binti akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kiti cha mzee.

"Anasema ukae," akaniambia.

"Mwambie ahsante."

Nadhani alifikiri tumegombana. Nikavuta kiti, nikakiweka ubavu, nitazame barabara na mzee atazame kaunta. Ndani walikuwamo wanywaji wachache tu, na televisheni ilikuwa inaonyesha mpira wa marudio. Kwenye banda la nyama, mchomaji alikuwa amejikunyata karibu na moto wake. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi watu wakawa wanaongea kwa kelele.

Nikajua lazima niagize kitu. Huwezi kumwingiza mzee mahali pa chakula ukamkalisha na maji matupu. Mpango wangu ulikuwa mwepesi: chakula kikifika, mimi nitajifanya naenda kuangalia mvua mlangoni, nitakaa huko mpaka amalize.

"Kuna nini?" nikamuuliza binti.

"Kitimoto ipo, ya kuchoma na ya rosti. Mishkaki ipo. Samaki wa Nyasa wapo, wa kukaanga. Ndizi, chipsi, ugali. Na kuku, wa kisasa na wa kienyeji."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Mishkaki? Nimpe baba mkwe avute nyama kwa meno kwenye kijiti? Aibu. Samaki? Ana miba, na mzee haoni vizuri, akikwamwa nani atampiga mgongoni? Chipsi ni chakula cha kumnyamazishia mtoto. Kitimoto anaila, tena anaipenda, mwanawe ameshaniambia, lakini shangazi atanionaje akisikia kwamba mara ya kwanza kumwagizia mzee chakula hadharani nilimwagizia nyama ya kujilambia vidole baa? Kila nilichokigusa kilikuwa na lawama ndani yake.

"Kuku wa kienyeji," nikasema. "Mzima. Na firigisi isipotee huko jikoni, tafadhali. Iwekwe juu."

"Atachelewa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sasa hivi tu," akajibu, na sote Songea tunajua maana ya sasa hivi tu.

Nikajiona nimefanya jambo la maana. Nikakaa nikisikiliza mvua, nikiwaza firigisi, nikimwaza shangazi atakavyonisifu. Mzee alikuwa nyuma ya bega langu. Kiti chake kikawa kinagonga sakafu taratibu, tk, tk, tk. Nilidhani anafuata muziki uliokuwa unatoka kaunta.

Kisha muziki ukazimwa, na kiti kikaendelea.

Niliangalia kwa pembeni. Goti lake lilikuwa linacheza lenyewe. Mkono ulikuwa unatafuta glasi ya maji, ukaipita, ukashika hewa, ukarudi. Hali ya hewa ilikuwa ya ubaridi, mimi nilikuwa nimejifunika kanga mabegani, lakini paji la uso wake lilikuwa limelowa. Nikajiambia ni maji ya mvua. Nikataka sana yawe maji ya mvua.

Halafu mzee akanitazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu niolewe, akaniuliza kwa Kingoni kama watu wameshamaliza kuvuna shamba la bondeni. Mfuko wa mbegu ambazo hazijapandwa ulikuwa miguuni kwake. Sauti aliyoitumia haikuwa ya kumsemesha mkamwana. Ilikuwa ya kumsemesha mkewe, na mkewe tulishamzika.

Nilijua ni sukari, lakini sukari ipi? Imepanda au imeshuka? Nikiwa na soda mkononi nitakuwa namwokoa au namuua? Nikampigia mume wangu. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikamwita binti kwa sauti iliyonitoka nisiyoijua.

"Mzee amelewa?" akauliza.

"Hajanywa chochote!"

"Basi tumtafutie bajaji apelekwe hospitali," akasema mwanamume mmoja kutoka meza ya karibu, lakini alisema huku akitazama mvua, na barabara ilikuwa imeshageuka mto. Hakukuwa na bajaji wala bodaboda. Wenye pikipiki zao wote walikuwa wamebanana chini ya bati la duka la ng'ambo.

Ikabidi nifikiri, mimi ambaye nikiogopa huwa sifikiri. Nikaanza kufuata nyuma siku ya mzee. Alitoka Maposeni alfajiri. Sindano ya kuishusha sukari hujichoma kabla ya kutoka, mwanawe ameniambia, hajawahi kuacha. Chakula alipanga kula mjini na mwanawe. Mwanawe hakuwapo. Nilikuwapo mimi. Na mzee wa ukoo ule angeanguka barabarani kabla hajamwambia mkamwana wake kwamba ana njaa. Tulikuwa tumezunguka maduka asubuhi nzima, mimi nyuma yake, nikiona mgongo wake tu na kuuheshimu.

Palikuwa na swali moja lililobaki, na hakuna mtu wa kulipitishia. Nikageuza kiti.

"Baba," nikasema, "umekula chochote tangu asubuhi?"

Wazee wa ukoo wangenisikia wangenishangaa. Mzee alichukua kofia yake gotini akaiweka usoni. Nyuma ya kofia nikaona kichwa kinatikiswa, polepole. Hapana.

"Soda!" nikamwambia binti. "Lete soda yoyote, ya baridi, ya moto, yoyote!"

Ilipofika nilikuwa bado sina uhakika. Nataka hili lieleweke. Sikuwa jasiri. Niliishika ile chupa nikijiuliza: nikikosea, nitarudi kwa mume wangu na maneno gani? Kwamba nilimpa baba yako sukari kwa mkono wangu, na nilijua ana kisukari? Nilimwekea mbele yake. Hakuigusa.

"Kunywa, baba. Nakuomba."

"Geuka," akasema.

Alikuwa hajui yuko mwaka gani, lakini hilo alilijua. Nikageuka. Nikashika ukingo wa meza, nikatazama mvua, nikasikiliza. Nilisikia chupa ikigonga meno. Nikasikia funda moja. Nikasubiri la pili. Watu walikuwa wametulia kunitazama, na mimi nikiwa nimewapa uso wangu wote, siwezi kuwatazama. Nilikuwa naomba funda la pili kama ninavyoomba Rozari, nikirudia, nikirudia.

Funda la pili halikuja. Ilikuja sauti ya chupa ikianguka na kuviringika sakafuni.

Nilipogeuka alikuwa ameelemea ukuta, macho nusu wazi, soda imemwagikia shati. Binti akapiga kelele. Sijui nilifikaje upande wa pili wa meza. Nilishika kichwa cha baba mkwe wangu, kichwa ambacho sikutakiwa hata kukitazama kikiwa hakina kofia, nikakiegemeza begani kwangu. Mwanamume yule aliokota chupa akataka kummiminia mdomoni. Mzee akapaliwa. "Acha!" nikamfokea. "Binti, sukari ya chai! Kopo zima!"

Nikachovya kidole kwenye soda, nikakichovya kwenye sukari, nikakiingiza kinywani mwake, ndani ya shavu, nikasugua. Kisha tena. Kinywa chake kilikuwa kikavu na meno ya nyuma hayapo upande mmoja. Mimi niliyekuwa sijawahi kuona anavyotafuna, nikajua kwa kidole changu jino gani lipo na lipi halipo. Nilikuwa nalia na nasugua, na nasema naye Kiswahili na Kingoni kibovu cha kuokoteza, namwambia mahindi hayajapandwa, baba, mbegu ziko hapa, nani atapanda?

Sijui ilichukua muda gani. Nilichokuja kukiona ni ulimi wake ukikitafuta kidole changu, ukiisukuma sukari. Akameza. Akameza tena. Binti akaleta soda nyingine, na safari hii mzee aliishika mwenyewe, mikono miwili, akanywa. Macho yalirudi taratibu. Yalitazama dari, yakatazama televisheni, yakatazama mfuko wa mbegu. Mwisho yakautazama mkono wangu, uliokuwa umejaa sukari na mate yake.

Sikujua niufiche wapi mkono huo. Nikaufutia kwenye kanga.

Hapo ndipo kuku alipofika, anatoa moshi, na ugali pembeni, na firigisi imewekwa juu kabisa kama nilivyoagiza. Nilipoiona ile firigisi nilitaka kuitupa nje kwenye mvua. Ndiyo niliyokuwa naihangaikia wakati mtu anaondoka nyuma ya bega langu.

Binti akamnawisha mzee. Mzee akavaa kofia yake, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akasubiri. Nilijua anasubiri nini.

"Geuka," akasema tena, kwa sauti ya chini, ya mtu aliyerudi nyumbani kwake.

"Sigeuki, baba."

Niliogopa kuliko alipokuwa ameanguka, kwa sababu sasa alikuwa mzima na angeweza kunijibu. Angeweza kusimama akaondoka. Angeweza kwenda kumwambia mwanawe kwamba mkeo hana haya.

Akamega tonge. Akalichovya kwenye mchuzi. Akalipeleka mdomoni akitazama meza, na mimi nikimtazama yeye, nikaona taya likienda juu na chini, upande wa meno yaliyopo. Alikula hivyo, mapaja yote mawili na ugali wote, bila kuinua macho. Firigisi hakuigusa. Aliisogeza pembeni ya sahani.

"Hii bado," akasema. Hakumwambia binti wala ukuta wala paka. Aliniambia mimi. "Na la leo, mwanangu, libaki hapahapa. Wasijue nyumbani."

"Ndiyo, baba."

Mume wangu alirudi na lori lake, nikamwambia tulinyeshewa, basi. Nadhani mpaka leo anajua hivyo. Nilichofanya ni kumsumbua kila siku kuhusu shangazi na miguu yake, mpaka akashangaa. Zamani mimi ndiye niliyekuwa namwambia mambo hayo ya kuku yamepitwa na wakati. Sasa nikawa silali. Kila nikifumba macho namwona mzee yuko sebuleni kwangu, mlango umefungwa kwa heshima, na upande wa pili wa mlango mtu anasubiri kusikia funda la pili.

Shangazi alikuja kutoka Peramiho mahindi yakiwa yamefika magotini. Kuku akachinjwa uani kwangu. Tukatandikiwa mkeka, mimi na mzee uso kwa uso, ndugu wamejaa sebuleni, wanawake wanapiga vigelegele. Shangazi akatuuliza mbele ya watu wote, kama inavyopaswa, iwapo tumewahi kuonana tukila.

"Hatujawahi," akasema mzee.

"Hatujawahi," nikasema mimi.

Akakata firigisi vipande viwili. Chake akakiweka kando, changu akakishika kwa vidole vitatu akaninyooshea, na mkono wake ukaanza kutetemeka. Watu wakaangua kicheko. "Mwoneni mzee!" shangazi akasema. "Anatetemeka kama bwana harusi! Haya zinamwisha leo!"

Kila mtu alikuwa anautazama mkono. Mimi nilikuwa natazama paji la uso, chini ya kofia, kama lina jasho. Sikuweza kuona vizuri. Nilifungua kinywa kupokea firigisi, na mkono wangu wa kushoto, mapajani, ukaanza kufungua fundo la kanga nililokuwa nimefungia sukari.